Nukta Tatu Zilizopotea

Watu wengi hudhani kuwa ukurasa ulioandikwa kwa kompyuta ni sawasawa na ukurasa ulioandikwa kwa wino. Kwamba herufi ikiisha kuonekana katika kioo imekaa pale daima, na popote itakapopelekwa itafika na sura yake ile ile. Dhana hii ina sababu. Kalamu ikiisha kupita juu ya karatasi, wino na umbo huwa kitu kimoja: anayeifuta herufi hulifuta na umbo, na anayeibeba karatasi huvibeba vyote viwili. Katika kompyuta mambo haya mawili yametengana. Kinachohifadhiwa ndani ya faili ni namba. Umbo hutoka mahali pengine, katika fonti, nayo fonti ni mali ya mashine kabla ya kuwa mali ya mwandishi. Mtu akiandika be ya Kiarabu, faili hupokea namba 0628 katika hesabu iitwayo Unicode, ambayo ilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 kwa kusudi la kuipa kila herufi ya kila lugha namba yake. Namba hiyo ikifika kwa jirani, mashine ya jirani huingia katika ghala ya fonti zake, ikatwaa umbo la be, ikalichora. Ikiwa ghala haina umbo hilo, aghalabu huchora kisanduku kitupu.

Wenye kazi hii hukiita kisanduku hicho tofu, kwa kukifananisha na vipande vyeupe vya chakula kile cha soya, na kampuni ya Google ilipotoa fonti zake za bure kwa lugha nyingi za dunia ilizipa jina la Noto, yaani pasiwe na tofu tena. Hapana apendaye kisanduku. Kinatia aibu katika kazi safi kama jino lililong'oka mbele ya kinywa. Hata hivyo kina sifa moja ambayo wengi hawaitambui: hakisemi uongo. Kisanduku hukiri kuwa hapa palikuwa na herufi, nayo haikupatikana. Kasoro ya kuogopwa ni ile isiyokiri kitu. Herufi yenye afya, imesimama mahali pake wima, lakini siyo iliyoandikwa. Kisa kinachofuata kilianza kwa kasoro ya kwanza kikaishia katika ya pili.

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, mzaliwa wa pwani, alichagua kuhariri utenzi ambao haujapata kuchapishwa. Mswada wake ulikuwa mali ya ukoo, umeandikwa kwa herufi za Kiarabu katika daftari la mistari, na mzee aliyeutunza alimpa ruhusa ya kuupiga picha ukurasa kwa ukurasa kwa sharti moja: kazi itakapokwisha, arudi amsomee yote. "Mwanangu," alimwambia, "babu yetu hakuandika upuzi. Usije ukamsemesha asilolisema." Binti akaahidi.

Ahadi hiyo ni nzito kuliko inavyosikika. Herufi za Kiarabu ni 28, na miongoni mwake haimo ya p, wala ya ch, wala ya v, wala ya g kama itamkwavyo na Waswahili, wala ya ng'. Waandishi wa kale wa Lamu, Pate na Mombasa waliyatumia yale waliyokuwa nayo. Penye p wengi waliandika be, penye v wakaandika fe, penye ch baadhi yao wakaandika shin. Wako wasomi waliolichukulia jambo hili kuwa upungufu wa waandishi wale, na hukumu hiyo si ya haki. Msomaji wa zamani alikuwa msikilizaji kabla ya kuwa msomaji. Aliujua utenzi kwa sikio. Karatasi ilimkumbusha tu. Leo msomaji huikuta karatasi bila ya sauti, na hapo ndipo paa na baa, vua na fua, vuma na fuma, choka na shoka huwa jozi za mapacha wenye kanzu moja. Mizani haimsaidii, kwa kuwa paa na baa zina mizani sawa. Vina navyo vimenyamaza, kwa kuwa maneno yote mawili huishia na sauti ile ile. Hubakia maana, na mhariri hana budi kuukalia ubeti hata atambue kama mshairi alimtaja mnyama akimbiaye au msiba uliowafika watu.

Mwanafunzi huyu aliukalia kila ubeti. Kisha akaupanga utenzi kwa safu mbili: kulia herufi za Kiarabu, kushoto za Kirumi. Katika safu ya kulia aliziongeza herufi zinazokosekana, kama walivyofanya wengine kabla yake, kwa kuazima pe na che za Waajemi, fe iliyotiwa nukta tatu juu iwe ve, na ain yenye nukta tatu, ambayo Wamalai huitumia katika maandishi yao ya Jawi, iwe ng'. Zote hizi zina namba zake katika Unicode. Pe, mathalan, ni 067E. Chini ya ukurasa alitia tanbihi kila alipoihukumu herufi: mswada una be, tumesoma pe. Herufi zenyewe katika tanbihi hizo aliziandika kwa sura zake za Kiarabu. Hivyo nukta tatu zilikuwa ndiyo tasnifu yenyewe, na kurasa nyingine zote zilikuwa maelezo yake.

Fonti aliyoitumia ni Amiri, iliyobuniwa na Khaled Hosny kwa kuzifufua herufi za matbaa ya Bulaq ya Cairo za mwanzo wa karne ya 20. Ni fonti ya bure, ina herufi za ziada kwa wingi, na uzuri wake unapendeza macho yaliyozoea vitabu vya madrasa. Aliiweka katika kompyuta yake, na humo kila kitu kilionekana sawa.

Chuo kilitaka tasnifu iletwe katika umbo la PDF, yenye pambizo za kipimo maalumu na kurasa zilizohesabiwa kwa namna yake. Kwa kuwa siku zilikuwa zimemwishia, binti alilichukua faili lake la Word katika flashi akalipeleka kwa mama mmoja mwenye steshenari, hodari wa kupanga kurasa, ambaye wanafunzi wengi walimkimbilia nyakati kama hizo. Alimwachia kazi asubuhi. Jioni akapokea PDF, akaitazama haraka haraka majalada na yaliyomo, akalipa, akaituma. Katika faili lile la Word lilikuwamo jina la Amiri tu. Fonti yenyewe haikuwamo. Word inaweza kuzipachika fonti ndani ya faili, endapo mwenyewe ataiamuru katika chaguo za kuhifadhi, na LibreOffice nayo ina amri kama hiyo katika sifa za faili. Lakini pasipo amri hiyo, faili husafiri na jina kama mgeni afikaye na barua ya utambulisho isiyo na picha.

Baada ya wiki kadhaa ilikuja ripoti ya mtahini wa nje. Aliisifu sura ya historia. Alipoufikia utenzi aliandika maneno makali. Safu ya kulia, alisema, hailingani na ya kushoto: kushoto pana paa na kulia pana baa, kushoto vua na kulia fua. Akauliza kama mtahiniwa anazijua herufi za Kiarabu au amezinakili bila ya kuzisoma. Na katika tanbihi aliona ajabu kubwa zaidi, kwani zilidai kuwa mswada una be na mhariri amesoma be. Alimtaka mtahiniwa aeleze ni tofauti gani aionayo baina ya herufi moja na nafsi yake.

Binti alidhani mtahini amekosea. Akafungua faili lake, akaziona pe zote mahali pake. Kisha akafungua ile PDF aliyoituma, akaona be. Hapakuwa na kisanduku hata kimoja. Herufi zilikuwa zimeungana vizuri, zimekolea, na kila moja ilikuwa na nukta moja chini.

Hapa ndipo panapofaa kusimama kidogo, kwa sababu watu wengi wakipatwa na balaa la namna hii huanza kubadilisha fonti ovyo, hii na hii na ile, hata picha ipendeze, wala hawajui kilichoponya wala kilichougua. Swali la kwanza ni moja: je, kilichoharibika ni umbo au ni namba? Ikiwa namba ni sahihi na umbo ni baya, dosari iko katika fonti, na maandishi yamesalimika. Ikiwa namba yenyewe imegeuka, basi maandishi yamebadilishwa, na fonti haina hatia. Fonti huchora inachoambiwa, haina uwezo wa kuandika. Njia ya kupima si ngumu. Huchaguliwa herufi moja katika PDF, ikanakiliwa, ikabandikwa katika Word, kisha zikabonyezwa kwa pamoja Alt na X, na namba ikajitokeza mahali pa herufi. Ni vyema kunakili herufi moja tu, maana maneno ya Kiarabu yakitolewa katika PDF pengine hutoka yamepinduka nyuma mbele. Herufi moja haina mbele wala nyuma. Mwanafunzi alifanya hivyo. Ilitokea 0628. Akaipima ya pili, na ya kumi. Zote zilikuwa be.

Akatazama pia orodha ya fonti, ambayo katika programu za kusomea PDF hupatikana ndani ya sifa za faili. Kila fonti iliyopachikwa kwa sehemu huandikwa na herufi sita kubwa na alama ya kujumlisha mbele ya jina lake, kuonyesha kuwa yamechukuliwa maumbo yaliyotumika tu. Amiri haikuwamo. Ilikuwamo nyingine, ambayo hakupata kuisikia, nayo ilikuwa imepachikwa kwa ukamilifu wa kanuni.

PDF ilitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ikawa kanuni ya kimataifa, kwa ahadi kuwa ukurasa utaonekana vile vile mahali pote. Ahadi hiyo hutimia fonti zikiwa zimepachikwa. Zamani iliruhusiwa kuziacha nje fonti 14 zilizoitwa za kawaida, za jamii ya Times, Helvetica na Courier pamoja na mbili za alama, kwa imani kuwa kila mashine inazo au ina mfano wake. Fonti nyingine ikiachwa nje, mashine ya msomaji hutafuta ya kukaribiana nayo, na hapo ndipo mistari huvimba, safu zikapishana, herufi za Kiarabu zikaachana kama shanga zilizokatika uzi. Ndiyo sababu kanuni ya PDF/A ya mwaka 2005, iliyotungwa kwa ajili ya kuhifadhi nyaraka, inalazimisha kila fonti ipachikwe. Lakini PDF hutunza ilichopewa. Ikipewa be, itaitunza be kwa uaminifu miaka mia.

Binti alikwenda kwa yule mama. Hakwenda kwa ugomvi; alimwamkia, akaketi, akamwonyesha kurasa mbili bega kwa bega. Mama alizitazama, kisha akaweka mkono mdomoni.

"Mwanangu, ni mimi," alisema. "Nilipolifungua faili lako, maandishi ya Kiarabu yalikuwa yamekuja kwa herufi mbaya, nyembamba, hazipendezi. Nikatia hizi ninazozitumia kwa kadi za arusi na maulidi. Zikapendeza, ila kila baada ya neno pana kisanduku. Nikajisemea, kazi ya mtu iliyomgharimu miaka haiendi kwa wakubwa ina mashimo. Nikayaziba."

Jinsi alivyoyaziba ni jambo la kustaajabisha kwa akili yake. Fonti ya kadi ilikuwa na herufi 28 za Kiarabu na alama zake, basi. Programu nyingi zikikosa umbo katika fonti huliazima kwingine. Ile yake haikuazima. Mama alikinakili kisanduku kimoja, akakibandika katika nafasi ya kutafuta, na kompyuta, ambayo chini ya kile kisanduku iliiona namba 067E, ikazitafuta zote. Alipolisoma neno lililozunguka alitambua kuwa pale panatakiwa p. Na kwa kuwa madrasani alifundishwa kuwa p huandikwa kwa be, aliamuru zote ziwe be. Vivyo hivyo ve ikawa fe, che ikawa shin, na ng' ikawa ghain. Amri nne tu. Pasipo kujua alifanya alichofanya mwandishi wa mswada, na kwa sababu ile ile: alitumia herufi alizokuwa nazo. Kazi ya miaka miwili ya kutenga paa na baa ilirudi ilikotoka kwa dakika chache, na ilirudi kwa wema.

"Nisamehe, mwanangu."

"Umeyaziba kwa mapenzi, mama. Ungeniita tu."

Matengenezo yalikuwa mafupi kuliko uchunguzi. Binti aliiweka Amiri katika mashine ya mama. Wakalifungua faili la asili, lililokuwa salama kwa sababu hakuna aliyeligusa. Wakapanga pambizo upya. Wakaamuru fonti zipachikwe. Wakageuza kuwa PDF ya namna ya PDF/A. Ilipendekezwa na kijana mmoja aliyekuwa akingoja zamu kuwa kurasa za Kiarabu zipigwe picha na kuingizwa kama picha, na shauri hilo hutolewa kila siku na watu wanaojiona mafundi. Ni shauri la kukata mti kwa sababu ya tawi. Picha huonekana sawa kwa kila jicho, lakini haina namba ndani yake: hapana neno litakalotafutwa humo, hapana ubeti utakaonakiliwa, na msomaji asiyeona, anayesomewa na kompyuta yake kwa sauti, hukuta kimya. Shauri lilikataliwa.

Walipoikagua PDF mpya kwa kunakili, wakagundua kasoro nyingine upande wa Kirumi ambazo hakuna aliyezilalamikia. Baadhi ya fonti huziunganisha f na i ziwe umbo moja, na jedwali linalorudisha umbo kuwa namba likikosekana ndani ya PDF, umbo hilo likinakiliwa hupotea. Kwa Kiingereza hasara ni ndogo. Kwa Kiswahili, ambacho fi imejaa kila mahali, rafiki hubaki raki. Fonti ya Calibri huziunganisha hata t na i, na wapo waliokwisha kuona katika ikinakiliwa kuwa neno lisilosomeka, au kaka. Ukurasa kwa macho ni safi kabisa. Atafutaye neno ndiye huambiwa halimo. Na ile alama ya ng' huandikwa pengine kwa koma iliyosimama wima, pengine kwa koma iliyopinda, nazo ni namba mbili mbalimbali, hata atafutaye ng'ombe katika baadhi ya programu hupata nusu ya kundi. Binti aliamua kutumia moja katika tasnifu nzima, akazima muungano wa herufi, wakageuza tena.

Kwa mtahini alipeleka barua fupi yenye faili jipya, na ukurasa mmoja wa mwanzo ulioeleza kila herufi ya ziada kwa maneno ya Kirumi pamoja na namba yake, ili hata ikitokea mahali fulani umbo likapotea, msomaji ajue kilichokuwapo. Mtahini aliridhika. Mama wa steshenari naye aliibakiza Amiri katika mashine yake, na kadi za arusi za mwezi uliofuata, kwa mara ya kwanza, ziliandika Pemba kwa pe.

Ilibaki ahadi. Binti alirudi kwa mzee na nakala iliyochapwa, akaketi chini ya kiti chake, akasoma. Mzee alisikiliza amefumba macho, akitingisha kichwa penye kina. Walipoufikia ubeti mmoja katikati aliinua kidole.

"Rudia hapo."

Binti akarudia: paa.

"Hapo ni baa," alisema mzee. "Babu yetu alikuwa akiutaja mwaka wa ndui. Mama yangu aliusoma hivyo, na mama yake pia."

Binti akaufunua ukurasa, akatazama nukta tatu alizozilinda kwa juhudi hiyo yote, akaomba kalamu. Tanbihi ya ubeti ule ilisema mswada una be na mhariri amesoma pe. Akaikata pe, akaandika be juu yake, na pembeni akaongeza kwamba usomaji huu umetoka kwa mwenye mswada. Jioni ile faili liligeuzwa PDF mara ya tatu.